Muziki wa Sebule Katika Jiji Kubwa: Namna ya Kusoma Tangazo la Msimu wa London

Mwanafunzi wa Kiswahili akikabidhiwa tangazo la msimu wa muziki kutoka jijini London, na kuagizwa alitafsiri kwa ajili ya gazeti au redio, atakwama kabla ya kuumaliza mstari wa kwanza. Majina ya watu hayatamsumbua, kwani hayatafsiriwi. Kitakachomsumbua ni sajili yenyewe. Tangazo hilo limejaa vifupisho, namba na istilahi ambazo mkaazi wa London aliyezizoea kumbi hizo huzipitia kwa jicho moja tu, ilhali msomaji wetu huziona kama hirizi iliyofunguliwa. Makala haya yananuia kulifafanua tangazo hilo: aina ya muziki unaotangazwa, mahali unapopigwa, maana ya namba na majina yanayoandamana nao, nafasi ya Afrika ndani yake, na fedha zinazouwezesha kupigwa. Njiani tutazipima istilahi za Kiswahili tulizo nazo na kuona zinapotosheleza na zinapopwaya.

London imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa majiji machache ambamo hafla za muziki huu huandaliwa karibu kila siku ya msimu, wakati mwingine tatu au nne kwa jioni moja katika kumbi tofauti. Pili, sehemu kubwa ya hafla hizo hupeperushwa redioni na kwenye intaneti. Kwa hivyo msomaji aliyeko Njoro, Maseno au Eldoret hazungumziwi karamu asiyoweza kuionja.

Jina lenye ukinzani

Istilahi ya kwanza inayomkabili mfasiri ni muziki wa kiklasiki wa kisasa. Kwa mtazamo wa haraka, hii ni kauli inayojipinga yenyewe: cha kiklasiki ni cha kale kilichodumu, na cha kisasa hakijapata muda wa kudumu. Ukinzani huo hutoweka tukikumbuka kwamba neno klasiki lina maana mbili. Kwa maana finyu, linarejelea kipindi cha Haydn, Mozart na Beethoven, yaani nusu ya pili ya karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa maana pana, linarejelea mapokeo yote ya muziki wa Ulaya unaotungwa kwa kuandikwa, ambapo mtunzi huiweka kazi yake karatasini kwa nota, naye mpigaji huitekeleza, pengine miaka mia mbili baada ya mtunzi kuzikwa. Sisi tuliozoea kutofautisha fasihi simulizi na fasihi andishi tungeweza kuuita muziki andishi na tusipoteze chochote. Mtunzi anayeandika leo kwa ajili ya fidla na selo yumo katika mapokeo hayo, hata kama sauti anazozitaka zingemshtua Haydn.

Na hakika nyingi zingemshtua. Msomaji aliyeufuatilia mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko katika ushairi wa Kiswahili ana njia ya mkato ya kuuelewa muziki huu. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka wa 1974, waliolelewa katika vina na mizani waliuliza kama hayo yalikuwa mashairi. Miaka 66 kabla ya hapo, katika jiji la Vienna, Arnold Schoenberg aliiwasilisha kwateti yake ya pili mbele ya hadhira. Sehemu zake za mwanzo bado zilikuwa na ufunguo, yaani zilikuwa na noti moja ya nyumbani ambayo muziki hutoka kwayo na kuirejea. Wanakwaya wetu waliofunzwa kwa solfa huijua noti hiyo kwa jina la do. Katika sehemu ya nne Schoenberg aliondoka nyumbani humo, akawa anatangatanga muda mrefu bila do yoyote ya kumtuliza msikilizaji. Zaidi ya hayo, alimwingiza mwimbaji wa soprano katika sehemu mbili za mwisho za kazi iliyotarajiwa kuwa ya ala nne tu. Hadhira ya Desemba 1908 ilicheka, ikazomea na kupiga kelele.

Kuondoa do katika muziki kunalingana na kuondoa vina katika shairi. Msikilizaji hunyang'anywa ishara iliyokuwa ikimwambia kwamba ubeti umefika kituoni. Badala yake hulazimika kuyasikiliza mambo aliyokuwa akiyapuuza: ubora wa sauti ya uzi unapokwaruzwa karibu na daraja la fidla, urefu wa kimya, uzito wa noti moja inayoning'inia peke yake. Hata hivyo, mlinganisho huu usivutwe mno. Mshairi wa mashairi huru katika Kiswahili alidai kwamba anaisogelea lugha ya kawaida ya watu ili aeleweke zaidi. Schoenberg na wafuasi wake walisogea upande mwingine, na ugumu waliouleta haujakwisha hadi leo. Anayekuambia kwamba muziki huo ni mwepisi ukiuzoea amekupunguzia bei.

Baada ya mwaka huo njia ziligawanyika kama mikono ya Mto Tana inapokaribia bahari. Anton Webern, mwanafunzi wa Schoenberg, aliandika vipande sita vya kwateti kati ya 1911 na 1913 ambavyo vyote kwa pamoja huchukua takriban dakika nne. Mwaka wa 1983 Mmarekani Morton Feldman alikamilisha kwateti moja ambayo, ikipigwa yote, huweza kufikia saa sita. Mwenzake John Cage alikuwa amekwisha kutoa, mwaka wa 1952, kazi ya dakika nne na sekunde 33 ambamo mpigaji hapigi noti hata moja, na hadhira husikiliza kikohozi chake yenyewe na upepo wa nje. Steve Reich naye aliifanya takriri kuwa uti wa mgongo wa utunzi: kifungu kifupi hurudiwa tena na tena huku kikibadilika kidogo kidogo, hata msikilizaji asijue mabadiliko yalianza wapi. Hao wote huweza kuonekana katika msimu mmoja, chini ya jina lilelile la muziki wa kisasa. Ndiyo maana jina hilo halimwambii msomaji mengi. Itambidi atazame jina la mtunzi na tarehe ya utunzi.

Chumba au sebule?

Istilahi ya pili ni gumu zaidi kwa mfasiri. Muziki tunaouzungumzia ulipata jina lake kutokana na vyumba vya majumba ya makabaila wa Ulaya, ulikopigwa na watu wachache kwa ajili ya wachache, tofauti na ule wa kanisani au wa jukwaa la maigizo. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa muziki wa chumbani. Wanaoijua pwani yetu wataona mara moja kwa nini tafsiri hiyo haifai: mambo ya chumbani ni ya mwali na somo wake, na mtangazaji akiyatamka redioni atasikilizwa kwa hamu isiyo ya fidla. Pendekezo la makala haya ni muziki wa sebule. Sebule ni pale mwenyeji anapompokea mgeni; ni ndani ya nyumba lakini si faraghani. Hivyo ndivyo muziki huu ulivyokuwa.

Sifa yake kuu si udogo wa mahali bali mgawanyo wa kazi. Katika okestra, fidla kumi au zaidi huweza kupiga noti zilezile kwa pamoja, na mwongozaji husimama mbele akiwa na kijiti. Katika muziki wa sebule kila sauti ina mpigaji mmoja, na hakuna mwongozaji. Umbo lililoheshimiwa zaidi ni kwateti ya nyuzi, yenye fidla mbili, viola moja na selo moja. Joseph Haydn, aliyeitumikia jamaa ya kikabaila ya Esterházy kwa miongo mingi, aliandika kwateti 68 na kuliweka umbo hilo katika sura tunayoijua. Beethoven aliacha 16, Dmitri Shostakovich 15. Mwaka wa 1829 mshairi Goethe aliifananisha kwateti na mazungumzo ya watu wanne wenye busara, na tangu hapo mlinganisho huo umerudiwa hadi umechakaa. Lakini una ukweli. Mtu akiketi karibu na wapigaji wanne atawaona wakivuta pumzi pamoja kabla ya noti ya kwanza, wakitupiana jicho, mmoja akishusha sauti ili mwenzake asikike. Ni kama ngonjera ambayo wahusika wake husema kwa zamu na papo hapo husema kwa pamoja.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana mzani wake wa kupimia. Taarabu ya kale nayo ni muziki wa sebule. Katika mapokeo ya Misri yaliyoilea taarabu ya Unguja, kikundi kidogo kilichoitwa takhti kilikuwa na udi mmoja, kanuni moja, fidla, nai na ala ya kudundwa, kila moja na mpigaji wake. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja imekuwepo tangu 1905. Siti binti Saad, ambaye wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert umesomwa na vizazi vingi vya wanafunzi wetu, aliimba akiandamana na wapigaji wachache waliotosha kuketi katika chumba kimoja. Mwaka wa 1928 sauti yake ilinaswa kwenye santuri huko Bombay. Tofauti imo katika ujenzi wa sauti. Katika takhti wote huufuata wimbo mmoja, kila mmoja akiupamba kwa namna ya ala yake. Katika kwateti ya Haydn kila mmoja ana kauli yake mwenyewe, na ladha hutokana na namna kauli hizo zinavyogongana na kusuluhishwa. Aidha, msikilizaji wa taarabu huruhusiwa kuinuka, kutunza na kupiga kigelegele shairi likimgusa. Katika kumbi za London msikilizaji hunyamaza hadi kazi yote iishe, na akipiga makofi kati ya sehemu moja na nyingine majirani zake humtazama. Ikumbukwe kwamba adabu hiyo si ya kale sana. Katika barua aliyomwandikia baba yake kutoka Paris mwaka wa 1778, Mozart alifurahia kwamba hadhira ilimpigia makofi simfoni yake ikiendelea. Kimya cha leo kilijengeka baadaye, katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20.

Kumbi na desturi zake

Anayetafuta muziki wa sebule jijini London huanzia Wigmore Hall. Ukumbi huu ulifunguliwa tarehe 31 Mei 1901 na kampuni ya Kijerumani ya kuunda piano, Bechstein, karibu na duka lake, nao ukaitwa kwa jina la kampuni. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, mali ya Wajerumani ilitaifishwa. Ukumbi ukauzwa mwaka wa 1916 na kufunguliwa tena mwaka uliofuata kwa jina la mtaa uliopo. Una viti takriban 550 tu. Udogo huo, pamoja na umbo lake refu la mstatili, ndio unaoufanya upendwe: mnong'ono wa selo hufika kiti cha nyuma bila kipaza sauti. Huandaa zaidi ya hafla 500 kwa mwaka. Zile za Jumatatu adhuhuri hurushwa hewani na Redio 3 ya BBC.

Desturi ya muziki wa adhuhuri jijini humo ina historia inayostahili kusimuliwa. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, kumbi zilifungwa na picha za Makavazi ya Kitaifa ya Sanaa zikahamishwa hadi mahali pa usalama. Mpiga piano Myra Hess alipendekeza kuta hizo tupu zitumiwe kwa muziki. Hafla ya kwanza ilifanyika tarehe 10 Oktoba 1939, nazo ziliendelea siku za kazi hadi Aprili 1946, jumla yake ikiwa karibu 1,700. Mabomu yalipozidi, wapigaji na wasikilizaji walishuka orofa ya chini. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. (Waingereza wenyewe waliiacha shilingi mwaka wa 1971, sisi tuliorithi jina lake tungali nalo.) Makarani na askari waliokula mkate wao huku wakisikiliza Beethoven na Schubert walithibitisha kwamba muziki wa makabaila uliweza kupata mlango mwingine.

Kusini mwa Mto Thames kuna Southbank, ambapo Royal Festival Hall ilifunguliwa mwaka wa 1951 na Queen Elizabeth Hall mwaka wa 1967. Kikundi cha London Sinfonietta, kilichoanzishwa 1968 mahususi kwa muziki wa kisasa, kimekuwa na uhusiano wa muda mrefu na kumbi hizo. Huko Dalston, mashariki mwa jiji, Cafe Oto imekuwa tangu 2008 kimbilio la wanaojaribu sauti zisizokubalika kwingine. Hapo msikilizaji huketi kwenye viti vya mkahawa. Kisha kuna Proms, tamasha la wiki nane kuanzia Julai hadi Septemba, lililoanza mwaka wa 1895 na ambalo BBC ililichukua mwaka wa 1927. Ukumbi wake wa awali ulipigwa bomu mwaka wa 1941, likahamia Royal Albert Hall, jumba la mviringo la watu elfu tano na zaidi. Humo muziki wa sebule hupotea kama sindano katika shamba la mkonge, lakini watunzi wa kisasa hupata hadhira wasiyoipata kwingine, kwani maelfu husimama kwa kiingilio cha pauni chache.

Tutumie fursa hii kutenganisha maneno mawili. Nchini Kenya tumezoea kuita kila kitu tamasha kwa sababu ya Tamasha la Kitaifa la Muziki, lililoanza mwaka wa 1927, ambalo wengi wetu tumekariri mashairi au kuimba ndani yake tukiwa shuleni. Proms ni tamasha kwa maana hiyo ya mkusanyiko wa siku nyingi. Jioni moja ya kwateti moja si tamasha. Neno onyesho nalo limeegemea macho. Makala haya yametumia hafla, japo linanukia harusi na mahafali. Huenda wasomaji wakapata jingine lililo bora.

Kuusoma mstari mmoja

Tuseme tangazo linataja Haydn, kwateti katika C meja, opasi 76 namba 3. C meja ni ufunguo: do imewekwa kwenye noti C, na hali yake ni ile ya uchangamfu. Opasi ni neno la Kilatini lenye maana ya kazi. Namba 76 ni ya kitabu kilichochapishwa, na 3 ni nafasi ya kwateti hii miongoni mwa sita za kitabu hicho. Namba za opasi husaidia kukisia umri wa mtunzi alipoandika, ingawa si hakika daima. Mozart hana utaratibu wa kuaminika wa opasi, ndiyo sababu kazi zake huandamana na herufi K, ya Köchel, mtaalamu aliyeziorodhesha katika karne ya 19. Kwateti hiyo ya Haydn ina sehemu nne, na ya pili hutumia wimbo alioutunga mwaka wa 1797 kwa heshima ya mfalme wa Austria. Leo wimbo huohuo ni wa taifa la Ujerumani.

Mstari unaofuata huenda ukataja mtunzi aliye hai, mwaka wa karibuni, na maneno yanayomaanisha kwamba kazi yake inasikika kwa mara ya kwanza duniani, au kwa mara ya kwanza nchini Uingereza. Tofauti hii isipuuzwe na mfasiri. Uzinduzi duniani humaanisha kwamba hakuna aliyewahi kuisikia, pengine hata mtunzi mwenyewe nje ya kichwa chake na mazoezi. Mara nyingi huongezwa kwamba kazi hiyo iliagizwa na ukumbi fulani, au na kumbi tatu za nchi tatu zilizochangiana gharama. Kuagiza kazi hakumpunguzii mtunzi heshima. Ni kama malenga anayeombwa shairi la harusi na kulipwa, naye akalitunga shairi ambalo wenye harusi wanalisahau na wengine wanalihifadhi.

Tazama pia mpangilio wa jioni. Kwa kawaida kazi mpya huwekwa katikati: Haydn mwanzoni, mtunzi wa kisasa kabla ya mapumziko, Beethoven baadaye. Huo ni ujanja wa waandaaji. Aliyemfuata Beethoven hawezi kumkwepa mgeni bila kuchelewa makusudi, na mlango wa nyuma haufunguliwi muziki ukiendelea. Kuna wanaouchukia ujanja huu wakisema unaifanya kazi mpya ionekane kama dawa. Binafsi naona una faida, kwani kazi mpya ikiketi kando ya ile ya kale, ya kale nayo huanza kusikika ngeni.

Si muziki wote wa sebule ni wa nyuzi. Moja ya kazi zinazopigwa mara kwa mara ni kwateti ya Mfaransa Olivier Messiaen inayohusu mwisho wa wakati. Imetungwa kwa ajili ya klarineti, fidla, selo na piano, mchanganyiko usio wa kawaida wenye sababu ya kusikitisha: hao ndio wapigaji aliowapata miongoni mwa wafungwa wenzake katika kambi ya wafungwa wa vita ya Wajerumani huko Görlitz. Ilipigwa humo kambini tarehe 15 Januari 1941, katika baridi kali, mbele ya wafungwa na walinzi wao. Na kwa wanaopenda vituko, kwateti ya Arditti, iliyoanzishwa London mwaka wa 1974, iliwahi kuitekeleza kazi ya Karlheinz Stockhausen huko Amsterdam mwaka wa 1995, ambapo kila mpigaji alikuwa ndani ya helikopta yake angani. Sebule ya aina hiyo haijapata tafsiri.

Afrika katika tangazo

Msomaji asidhani kwamba muziki huu umeihusu Ulaya na Marekani pekee. Steve Reich alisafiri hadi Ghana mwaka wa 1970 kujifunza ngoma za Waewe, na mwaka uliofuata akakamilisha kazi ndefu ya midundo. György Ligeti alizisikiliza rekodi za muziki wa Afrika ya Kati zilizokusanywa na Simha Arom, na athari yake imo katika mazoezi yake ya piano. Hao walichukua. Waliotoa wapo pia. Mganda Justinian Tamusuza, aliyezaliwa 1951, aliandika kwateti yenye jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, ambamo ala za Ulaya huigizwa sauti na midundo ya kwao. Kwateti ya Kronos ya Marekani iliirekodi katika albamu ya 1992 pamoja na kazi za Mnubi Hamza El Din, Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Kevin Volans wa Afrika Kusini na wengineo. Mnaijeria Akin Euba alitumia maisha yake, hadi kifo chake mwaka wa 2020, kutafuta namna ya kuifanya piano izungumze kama ala za Kiafrika.

London yenyewe ilimzaa Samuel Coleridge-Taylor mwaka wa 1875, mtunzi ambaye baba yake alitoka Sierra Leone. Aliandika muziki wa sebule akiwa bado mwanafunzi. Jina lake lilififia kwa miongo kadhaa, likarejea hasa baada ya okestra ya Chineke!, iliyoundwa na Chi-chi Nwanoku mwaka wa 2015 kwa wapigaji weusi na wa jamii nyingine za wachache, kuanza kuzipiga kazi zake. Mpiga piano Rebeca Omordia alianzisha mwaka wa 2019 mfululizo wa hafla za muziki andishi wa Afrika, ambao umefika hadi Wigmore Hall.

Je, Kiswahili kiko wapi? Kipo, ingawa kwa uchache. Kazi ya kwaya na okestra iitwayo Baba Yetu, iliyotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa 2005 na kupata tuzo ya Grammy mwaka wa 2011, imeimbwa na kwaya nyingi zisizojua neno jingine la Kiswahili. Mkenya Nyokabi Kariũki, katika albamu zake za 2022 na 2023, anachanganya sauti zilizonaswa nyumbani, ala na lugha zetu. Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika. Katika Different Trains ya 1988, Reich alinasa mazungumzo ya watu, akaandika kiimbo cha kila kauli kwa nota, kisha akawapa fidla na selo wayaige. Kazi hiyo ilitegemea kiimbo cha Kiingereza. Mtunzi atakayefanya hivyo kwa Kiswahili atakutana na mkazo wetu unaoangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na vighairi vyake: barabára ya kupitia magari na barábara ya kukubali. Akiuweka mdundo mzito mahali pasipofaa, mwimbaji atakubali jambo huku akitaja lami. Kiganda na Kiewe zina toni, kwa hivyo watunzi wake hukabiliwa na sharti jingine kabisa. Hatuna utafiti wa kutosha juu ya suala hili katika idara zetu, nalo lingefaa tasnifu ya uzamili.

Nani analipa?

Viti 550, hata vikijaa, haviwezi kulipia kila kitu: wapigaji, mtunzi, umeme, watunza mlango. Kwa miongo mingi Uingereza ilijaza pengo hilo kwa ruzuku ya serikali kupitia Baraza la Sanaa, na kwa BBC inayogharimiwa na ada ya televisheni. Misingi yote miwili imetikisika. Novemba 2022 Baraza la Sanaa liliondoa ruzuku yote ya kikundi cha Britten Sinfonia. Machi 2023 BBC ilitangaza kuivunja kwaya yake ya BBC Singers, iliyokuwepo tangu 1924. Watunzi, wanakwaya wa ridhaa na wasikilizaji walipinga kwa maelfu, na uamuzi ukabatilishwa. Mwaka wa 2025 Wigmore Hall ilichukua njia tofauti: ilitangaza kwamba kuanzia 2026 haitapokea tena ruzuku ya zaidi ya pauni 340,000 kwa mwaka, kwa kuwa imejijengea mfuko wa pauni milioni 10 kutoka kwa wafadhili na kwa kuwa masharti ya ruzuku yaliizidi.

Wapo walioisifu hatua hiyo kama uhuru. Wapo walioona hatari ndani yake: ukumbi wa jina kubwa huweza kuwapata matajiri wa kuuchangia, lakini kikundi kidogo cha muziki wa kisasa kisichojulikana kitampata nani? Hoja hii si ngeni kwetu. Diwani ya mashairi nchini mwetu huuzwa kwa wingi ikiteuliwa kuwa kitabu cha shule. Isipoteuliwa, mwandishi huigawa kwa jamaa zake. Swali la kama sanaa yenye wasikilizaji wachache inastahili fedha za umma huulizwa Nairobi kama linavyoulizwa London, tofauti ikiwa kwamba London ilikuwa na cha kupunguza.

Kwa anayetaka kujisikilizia, msimu wa kumbi hizo huanza Septemba na kumalizika Julai, Proms ikiziba mwanya wa kati, na matangazo hutolewa miezi kadhaa kabla. Aliye London na hajatimiza miaka 35 huweza kupata tikiti za Wigmore Hall kwa pauni tano katika hafla nyingi. Aliye hapa anaweza kuanza na rekodi za video. Tarehe 1 Juni 2020, maradhi ya korona yakiwa yamefunga milango yote, mpiga piano Stephen Hough aliketi katika ukumbi huo usio na mtu na kupiga kwa ajili ya redio na intaneti. Tangu siku hiyo ukumbi umeendelea kupeperusha sehemu ya hafla zake, na nyingi zaweza kutazamwa bila malipo. Mwenye saa moja tu aanze na Haydn, opasi 76 namba 3, kisha avisikilize vipande sita vya Webern mara mbili mfululizo. Vitakuwa vimekwisha kabla chai haijapoa.